Aliyekupa Nyumba Ndiye Aliyekuwa Akikusikiliza

(Hotuba iliyotolewa Unguja mbele ya wanafunzi, walimu na wakaazi wa mji)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu, wanafunzi na nyote mliofika: Assalaam alaykum, na jioni njema.

Nimepewa kazi ya kuzungumzia nchi isiyokuwepo tena. Ujerumani Mashariki iliundwa tarehe 7 Oktoba 1949 katika eneo lililokuwa mikononi mwa jeshi la Kisovieti, ikafutika kwenye ramani tarehe 3 Oktoba 1990. Vijana mnaweza kuuliza yanatuhusu nini. Mkitoka hapa mkapita Kikwajuni au Kilimani, yale majumba ya ghorofa yalijengwa kwa msaada wao. Zanzibar ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuitambua serikali ile, mapema mwaka 1964, wiki chache tu baada ya Mapinduzi. Wapo wazee wetu waliosomea Leipzig. Kwa hiyo hatuzungumzi habari za watu wa mbali.

Kuna namna mbili za kuisimulia nchi hii, na wanaosimulia hawapatani. Mmoja atakwambia habari za mkate wa bei rahisi, kazi kwa kila mtu, na mtoto kupata pa kulelewa. Mwingine atakwambia habari za ukuta, magereza na mashushushu. Wanabishana kana kwamba mmoja wao lazima awe mwongo. Mimi naamini wote wawili wanasema kweli, na jambo ninalotaka mlichukue jioni hii ni hili: mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Serikali iliyokupa nyumba ndiyo iliyokuwa ikikusikiliza ndani ya nyumba hiyo, na kwa sababu ilikupa, ilijua pa kukubana.

Niyaanze yale mema, maana sipendi yadharauliwe. Kodi ya nyumba ilikuwa ndogo, kwa kawaida haifiki asilimia 5 ya kipato cha familia. Kimkate cha asubuhi kiliuzwa pfennig 5, yaani senti 5 za kwao, na bei hiyo haikubadilika miaka nenda miaka rudi. Takriban wanawake 9 kati ya 10 wa umri wa kufanya kazi walikuwa kazini au masomoni, na vituo vya kulelea watoto vilikuwepo kila mtaa. Erich Honecker aliposhika uongozi wa chama kilichotawala mwaka 1971 alianzisha mpango mkubwa wa nyumba. Miji mipya ya mabamba ya zege ikaota pembezoni mwa Berlin, Leipzig, Halle na Rostock. Msiwacheke watu walioyafurahia majumba yale. Mama aliyekuwa akipandisha makaa ya mawe kutoka ghala la chini kila siku ya baridi, na kutumia choo kimoja cha ngazini pamoja na majirani, leo anafungua bomba na maji ya moto yanatoka. Hilo ni jambo kubwa katika maisha ya mtu.

Upungufu nao ulikuwepo. Gari lao, Trabant, lenye bodi ya plastiki iliyotengenezwa kwa pamba na utomvu, uliliagiza ukasubiri zaidi ya miaka 10. Gari lililotumika likawa linauzwa ghali kuliko jipya, kwa sababu la zamani unaondoka nalo siku hiyohiyo. Mwaka 1977 kahawa ilipanda bei duniani, na serikali haikuwa na fedha za kigeni. Wakaleta mchanganyiko wenye kahawa asilimia 51 tu, iliyobaki ni nafaka na mazagazaga mengine. Wananchi waliukataa kwa hasira, wakaandika malalamiko kwa maelfu. Serikali ikaenda Ethiopia kubadilishana silaha kwa kahawa. Jioni hii nataka tulione hilo waziwazi: ili kikombe cha mfanyakazi wa Berlin kijae, bunduki zilipelekwa Pembe ya Afrika wakati vita vya Ogaden, kati ya Ethiopia na Somalia, vinawaka.

Hayo malalamiko yana habari yake. Raia alikuwa na haki kisheria ya kuiandikia ofisi yoyote, hata Honecker mwenyewe, na ofisi ilipaswa kujibu ndani ya muda uliowekwa. Watu waliandika sana: paa linavuja, hakuna viatu vya mtoto, lifti haifanyi kazi tangu mwaka jana. Waliandika kwa ukali ambao ungewashangaza. Na mara nyingi walijibiwa, na paa likazibwa. Lakini aliyeandika kuomba kuhama nchi aliambiwa akaeleze nia yake, na kuanzia siku hiyo maisha yake hayakuwa yaleyale. Mwalimu aliondolewa darasani. Mhandisi alipelekwa kufagia. Kila mtu alijua mstari umepitia wapi, ingawa haukuandikwa popote.

Sasa tuangalie jinsi mtu alivyoshikwa bila kuguswa. Nyumba ilitoka kwa halmashauri au kiwandani unakofanya kazi. Nafasi ya chuo kikuu ilitegemea alama, lakini pia ilitegemea kama ulikuwa kwenye jumuiya ya vijana ya chama, wazazi wako ni akina nani, na kwa mvulana, kama alikubali kukaa jeshini miaka mitatu badala ya mwaka mmoja na nusu. Wakifika miaka 14, karibu watoto wote walikula kiapo cha utii kwa taifa la kisoshalisti, katika sherehe iliyowekwa kuchukua nafasi ya kipaimara, ibada ya kanisa ya kumthibitisha kijana katika imani. Mtoto wa mchungaji asiyetaka kula kiapo hakupigwa wala kufungwa. Alimaliza skuli akiwa wa kwanza darasani, akaambiwa hakuna nafasi ya masomo ya juu. Adhabu ilimpata yeye, na somo wakalipata darasa zima.

Siku ya kura ulikuwa ukiingia, unapewa karatasi yenye orodha moja ya majina, unaikunja, unaitumbukiza. Kibanda cha siri kilikuwepo, kule pembeni mwa ukumbi. Ukikiendea, meza nzima inakuangalia, na jina lako linawekewa alama. Ndiyo maana watu walisema wanakwenda kukunja karatasi, hawakusema wanakwenda kupiga kura.

Halafu watoto. Karibu nchi nzima ilinasa televisheni ya Ujerumani Magharibi, isipokuwa bonde la Dresden na pembe ya kaskazini mashariki, ambako mawimbi hayakufika. Jioni familia inakaa, inaangalia taarifa ya habari ya upande wa pili. Wengi waliokulia kule wanasimulia kwamba skuli mwalimu aliwauliza watoto wadogo: saa inayotokea kwenye televisheni kabla ya habari, ina vitone au ina vistari? Saa ya Mashariki na saa ya Magharibi hazikufanana. Mtoto wa miaka saba anajibu kwa furaha, na hajui amewasema wazazi wake. Kwa hiyo mzazi alilazimika kumfundisha mwanawe kuwa na maneno ya nyumbani na maneno ya skuli kabla hajajua kusoma vizuri. Mimi ni mwalimu, na katika mambo yote niliyosoma kuhusu nchi ile, hili ndilo linaloniuma zaidi. Serikali iliyojivunia kumlea kila mtoto iliwafundisha watoto kuogopa midomo yao wenyewe.

Wenye kazi hiyo ya kusikiliza walikuwa Wizara ya Usalama wa Taifa, ambayo watu waliiita Stasi. Iliundwa Februari 1950. Kuanzia 1957 hadi 1989 iliongozwa na mtu mmoja, Erich Mielke. Kabla ya Mielke, tarehe 16 Juni 1953, wafanyakazi wa ujenzi wa Berlin waligoma kwa sababu walitakiwa wafanye kazi zaidi kwa mshahara uleule, kesho yake nchi nzima ikawafuata, na vifaru vya Kisovieti vikawazima. Watu wasiopungua 55 waliuawa. Tangu siku hiyo viongozi waliwaogopa wananchi wao, na hofu ya mtawala ikajenga jumba kubwa. Ilipofika 1989 Stasi ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000, na wapasha habari wa siri wapatao 189,000, katika nchi ya watu milioni 16 na kitu. Pigeni hesabu: ni kama mtu mmoja kwa kila watu 60, mkihesabu hata watoto wachanga.

Wapasha habari wengi hawakulazimishwa kwa mateso. Wapo waliotishwa, kweli, hasa waliokamatwa na kosa dogo. Lakini wengi walikubali kwa sababu waliamini, au walitaka kupanda kazini, au waliona fahari kwamba mkubwa mmoja amewaheshimu kwa kuwaomba msaada. Walichagua jina la bandia. Walikutana na ofisa wao katika nyumba ya kawaida ambayo mwenye nyumba ameitoa kwa shughuli hiyo, kwa kahawa na keki. Taarifa zao zilihusu vitu vidogo: nani alimtembelea nani, nani alicheka mzaha fulani, nani amegombana na mkewe.

Hayo mambo ya ugomvi na mke yalikuwa na kazi yake. Katika miaka ya 1950 Stasi ilipiga na kutesa. Katika gereza la Hohenschönhausen, Berlin, wafungwa waliwekwa chini ya ardhi katika vyumba visivyo na dirisha, taa inawaka usiku na mchana. Lakini serikali ilipoingia Umoja wa Mataifa mwaka 1973 na kutia saini mwaka 1975 makubaliano ya Helsinki, yaliyoahidi kuheshimu haki za binadamu, ilitaka ionekane nchi ya heshima. Januari 1976 Mielke akatoa agizo namba 1/76. Humo imeandikwa kwa lugha ya ofisi jinsi ya kumbomoa mtu bila kumkamata: kumharibia jina kwa kuchanganya mambo ya kweli na ya uongo, kumfanya ashindwe kazini kwa mpango, kumvunjia imani yake, kuwatia shaka marafiki mmoja dhidi ya mwingine.

Fikirini jinsi hilo lilivyokuwa ndani ya nyumba. Unarudi kazini, mlango umefungwa kama ulivyouacha. Picha iliyokuwa ukutani sebuleni imehamia chumbani. Taulo zimepangwa vingine. Hakuna kilichoibiwa. Wiki inayofuata mkeo anapata barua isiyo na jina inayosema una mwanamke mwingine. Bosi wako anaanza kukupa kazi ambazo haziwezekani kumalizika. Unamweleza rafiki yako kwamba kuna watu wanaingia kwako kuhamisha picha, naye anakutazama kwa huruma na kukushauri uende hospitali. Na huenda rafiki huyo ndiye aliyewapa kipimo cha ufunguo. Utamshtaki nani? Utaonyesha alama gani mwilini? Kwangu mimi hayo ni mateso sawa na ya gerezani, na aliyeyapitia anastahili kuitwa mteswa bila kuulizwa maswali.

Katika makumbusho ya Stasi kule Ujerumani nimeona chupa za kioo zenye mfuniko, kama zile za kuwekea achari. Ndani kuna kipande cha kitambaa cha manjano, nje kuna kibandiko chenye jina na tarehe. Ni harufu za watu. Mtu aliitwa ofisini kwa maswali ya kawaida, akakaribishwa kiti, na chini yake kuna kile kitambaa. Akishaondoka, ofisa anakichukua kwa koleo na kukifungia chupani. Siku karatasi ya upinzani ikiokotwa mtaani, mbwa ananusishwa karatasi, kisha anapitishwa kwenye zile chupa. Nilisimama pale muda mrefu. Serikali ile ilikuwa ikikosa kahawa na vipuri, lakini chupa za kuhifadhi jasho la raia hazikukosekana.

Habari za Ukuta mnazijua, kwa hiyo nitazipita upesi. Ulianza kujengwa Berlin tarehe 13 Agosti 1961 kuwazuia watu wasikimbilie Magharibi, baada ya watu zaidi ya milioni mbili na nusu kuihama nchi. Watu wasiopungua 140 walikufa kwenye Ukuta wa Berlin peke yake. Peter Fechter alikuwa na miaka 18 alipopigwa risasi Agosti 1962, akaachwa chini ya ukuta akilia na kutoka damu kwa karibu saa nzima, watu wa pande zote mbili wakimsikia. Waliokamatwa wakijaribu kutoroka walifungwa, na Ujerumani Magharibi iliwanunua. Ndiyo, ni biashara: wafungwa wa kisiasa zaidi ya 33,000 waliachiliwa kwa malipo kati ya miaka ya 1960 na 1989, kwa thamani ya zaidi ya marki bilioni 3, fedha za Ujerumani Magharibi. Ndugu zangu, sisi watu wa pwani hii tunajua maana ya binadamu kuwekewa bei. Hatuhitaji kuelezwa.

Na Waafrika je? Kuanzia 1979 vijana wa Msumbiji zaidi ya 15,000 walikwenda kufanya kazi viwandani huko. Waliishi mabwenini, mlangoni kuna mtu anayeandika nani kaingia na nani katoka. Mwanamke aliyeshika mimba aliambiwa achague kuitoa au kurudishwa kwao. Sehemu ya mshahara wao ilikatwa kwa ahadi kwamba wataikuta Maputo. Fedha zile zilihesabiwa katika madeni ya nchi yao, na wengi hawakuzipata. Wazee hao mpaka miaka ya karibuni wameandamana katika mitaa ya Maputo wakidai haki yao. Mtu akiniambia ule ulikuwa udugu wa mataifa, namwomba kwanza awalipe wale.

Kwetu Zanzibar, maofisa wa Stasi walifika mwaka 1964 kusaidia kujenga idara ya usalama. Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wao wa nje, alikuja mwenyewe. Sisemi kwamba Wajerumani ndio waliotuletea hofu. Hofu yetu ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa watu wetu. Lakini wazee waliomo humu ukumbini wanakumbuka miaka ambayo watu walishusha sauti barazani akipita mtu fulani. Msaada wa majumba ya Kikwajuni na wataalamu wa kusikiliza vilitoka kwa serikali moja. Ukishukuru kwa nyumba, na ni haki kushukuru, yataje na hayo mengine.

Mwaka 1989 mambo yaligeuka. Katika uchaguzi wa tarehe 7 Mei, serikali ilitangaza kwamba asilimia 98.85 wameikubali orodha yake. Safari hii wananchi wa kawaida walikwenda kusimama vituoni wakati wa kuhesabu, kama sheria ilivyowaruhusu, wakaandika namba, wakajumlisha, wakaona wameibiwa. Tarehe 9 Oktoba watu wapatao 70,000 walitoka kwenye maombi ya amani katika kanisa la Nikolai na makanisa mengine ya Leipzig wakaingia barabarani. Hospitali zilikuwa zimeshaambiwa ziandae damu. Waliandamana wakisema: sisi ndio wananchi. Hakuna aliyefyatua risasi. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa tarehe 9 Novemba, Ukuta ukafunguka.

Lakini mimi siku ninayoiheshimu kuliko zote ni tarehe 4 Desemba. Asubuhi ile, Erfurt, watu waliona moshi ukitoka katika ofisi ya Stasi. Walielewa kwamba mafaili yanachomwa. Kundi la wanawake likakusanya wenzao, likaenda mlangoni, likaingia. Miji mingine ikafuata, na tarehe 15 Januari 1990 umma ukaingia makao makuu ya Berlin. Mashine za kuchana karatasi zilikuwa zimeshindwa kazi, maofisa wakawa wanachana kwa mikono. Magunia zaidi ya 15,000 ya vipande yalikutwa. Lakini sehemu kubwa ilisalimika: ukiyapanga mafaili yaliyobaki yanafika urefu wa kilomita 111.

Wanasiasa wengi, wa Mashariki na wa Magharibi, walitaka yafungiwe. Walisema yakifunguliwa majirani watauana. Bunge likapitisha sheria mwishoni mwa 1991, na Januari 1992 watu wa kwanza wakakaa mezani wakasoma maisha yao. Mmoja wao alikuwa Vera Wollenberger, mwanaharakati aliyeipinga serikali ile. Mwaka 1988 alikamatwa akiwa njiani kwenda kwenye maandamano na bango lenye kifungu cha 27 cha katiba ya nchi yake mwenyewe, kinachosema kila raia ana haki ya kutoa maoni yake waziwazi. Katika mafaili alikuta kwamba mpasha habari aliyeripoti juu yake miaka yote ile alikuwa mume wake, baba wa watoto wake. Ndoa yao ilivunjika. Hakumwua, na wala nchi haikumwaga damu. Watu waligombana, walilia, walihamana, wengine walisameheana. Tangu hapo maombi ya watu wanaotaka kusoma mafaili yao yamepita milioni 3, na bado yanaingia.

Na hapa ndipo ninapowaomba wenzangu wa ukumbi huu. Haki hiyo ni ya kila aliyeandikwa, hata kama si Mjerumani. Aliyesoma Leipzig, aliyefanya kazi kiwandani, aliyepelekwa kozi ya usalama, anaweza kuuliza kama ana faili. Tangu 2021 mafaili yote yako chini ya Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani. Unajaza fomu, utambulisho wako unathibitishwa, kisha unasubiri, na kusubiri kunaweza kuwa kurefu. Majina ya watu wengine yatafutwa kwa wino mweusi, ila ukitaka kumjua aliyekuripoti, unaweza kuomba jina lake. Mzazi akiwa amefariki, watoto wanaruhusiwa kuomba kwa masharti.

Fomu nimezichapisha, ziko kwa katibu pale mezani. Ni za Kijerumani, lakini tutazisoma pamoja mstari kwa mstari na atakayetaka nitamsaidia kuijaza. Ahsanteni sana. Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.